Kiti cha Adui katika Nchi ya Ukemeo

Namna nilivyofika Ukemeo haina faida kwa msomaji. Safari ni vumbi, na vumbi la kwenda Ukemeo ni kama la kwingine kokote. Naanzia langoni, kwa sababu ndipo nilipoanza kustaajabu.

Maofisa wa lango hawakuniuliza jina, wala nitokako, wala nilichobeba. Mmoja wao, aliyejifunga shingo kwa kitambaa cha sufu ingawa jua lilikuwa kali, alinionyesha mstari wa chokaa nisimame hapo, kisha akaninong'oneza, "Hebu kemea."

"Nimkemee nani?"

"Adui."

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na kiumbe ila mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Lakini mimi ni mtu wa besi, nimeimba kwaya ya kanisa letu tangu ujana, na sikutaka kuwaaibisha wa nyumbani. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti, "Ondoka!" Mbuzi akaruka. Maofisa wakatazamana, wakanifunga utepe wa kijani mkononi, yaani daraja la tatu. Niliambiwa baadaye kwamba kwa mgeni hiyo si haba. Wengi hupewa daraja la tano, wakalazwa bweni moja na watoto na wenye mafua.

Ukemeo ni nchi ya Wakristo watupu, nayo imo vitani. Imezungukwa na Ukuta, na kila alfajiri raia wote wenye afya hupanda juu ya Ukuta huo na kumkemea Adui kwa pamoja mpaka jua lichomoze. Sitaki nieleweke vibaya. Adui yupo. Nimeishi miaka ya kutosha kumjua, na Maandiko hayakutaja silaha za roho ili tuzipambie sebule. Kilichonishangaza ni namna watu hawa walivyopigana vita vyao.

Nilipewa makao kwa Bwana Elkana, Mwendesha Mashtaka Mkuu, mtu mpole, mkarimu, mwenye sababu ya kila jambo. Asubuhi ya kwanza jirani yake mmoja alipita na ndoo kichwani akaniamkia, "Ashindwe!"

"Salama," nikajibu. "Habari za kuamka?"

Akasimama palepale akiningoja, maji yakimdondokea begani. Elkana akanigusa kiwiko. "Sema, 'Na alegee.'" Nikasema. Yule mama akaenda zake ameridhika. Salamu hiyo niliisikia tena harusini, msibani, na hata mtoto alipopiga chafya.

Kwa kuwa vita vyao ni vya sauti, sheria yao ya kwanza ni ya kutunza sauti. Jua likishapita utosini hakuna anayeruhusiwa kusema mpaka alfajiri. Watu hujifunga shingo, hunywa tangawizi kwa asali, na shughuli zote huendeshwa kwa ishara. Niliona mke na mume wakisuluhisha ugomvi kisimani kwa vidole. Walisuluhisha upesi, ingawa mume alirudi nyumbani na ndoo isiyo yake.

Sheria hii ilikuwa imeyagusa malezi ya kiroho kuliko kitu kingine. Huko Ukemeo, kila anayeamini upya hukabidhiwa kwa mlezi atakayetembea naye na kumfundisha, na jambo hilo nililipenda, kwani kwetu mtu huongozwa sala ya toba Jumapili na Jumatatu hakuna anayekumbuka jina lake. Lakini asubuhi watu wamechoka kwa kukemea na wana mashamba. Malezi yamebaki kuwa kazi ya alasiri, na alasiri ni wakati wa kunyamaza. Nilimwona mlezi mmoja akimfundisha mwanafunzi wake kusamehe. Alikunja ngumi, akaikunjua, akapuliza kiganja. Mwanafunzi akakubali kwa kichwa. Kesho yake asubuhi nilimwuliza alielewa nini, akaniambia alielewa kwamba unga wenye vumbi hupulizwa.

Elkana hakuona dosari. "Sauti ya alasiri," alisema, "imeibwa kwenye alfajiri."

Akanipeleka barazani, mahali anapofanyia kazi yake. Baraza la Ukemeo hukaa katika jumba la ibada, lenye paa la bati na tundu kubwa juu ya mabenchi ya kushoto. Mbele kuna meza ya hakimu, Mama Yedida, mwanamke mnene mwenye uso wa subira. Kando ya meza kuna kiti cheusi cha mti. Hicho ndicho kiti cha mshtakiwa, na hakuna mtu aliyewahi kukikalia, kwa maana katika nchi ile mshtakiwa ni mmoja siku zote.

Wanaiita Sheria ya Chanzo Kimoja. Kila baya linatoka kwa Adui, basi Adui ndiye hushtakiwa. Siku ile nilisikia akishtakiwa kwa maziwa yaliyofurika jikoni kwa mchumba wa mtu, kwa kwaya ya vijana kugombana juu ya rangi ya sare, na kwa mzee wa baraza aliyelala wakati wa mahubiri. Kila shtaka likishasomwa, hakimu hukigeukia kile kiti na kuuliza, "Mshtakiwa, una neno?" Jumba lote hunyamaza kwa adabu. Kisha hakimu husema, "Kimya chake ni kukiri kwake. Ana hatia." Na watu huitikia kwa nguvu, "Ashindwe! Na alegee!"

Shtaka la mwisho lilikuwa la paa. Kila masika Adui hushtakiwa kwa kulitoboa, kila masika hupatikana na hatia, kisha mabenchi husogezwa. Nilimwuliza Elkana kama kuna mtu aliyewahi kupanda na kipande cha bati.

Alinitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, ukipanda na bati umeshakubali kwamba tatizo ni bati."

"Na mtu akija mwenyewe akasema, 'Hili nimekosa mimi'?"

"Hapana mtu kama huyo. Angekuwa anampunguzia Adui hatia. Kisheria tunaita kumsaidia Adui kujitetea, na ni kosa kubwa kuliko yote tuliyo nayo."

"Hatia hupungua ikigawanywa?"

"Kama ugali," akasema Elkana.

Siku zilizofuata nilipanda Ukutani pamoja na wengine. Nakiri kwamba yalikuwa mambo ya kutetemesha. Sauti zilipanda kama mvua juu ya bati, na juu ya zote ilisikika sauti ya mtu mmoja, Hanani, mwanamume wa makamo mwenye kifua kipana, aliyeitwa Sauti ya Kwanza ya Ukuta. Alipokemea, mchanga ulidondoka kwenye nyufa. Wazazi waliwaonyesha watoto wao: mtazame Hanani. Alikuwa mtu wa karibu sana na Elkana, na kila baada ya kukemea alikuja kunywa tangawizi kwenye kibaraza cha nyumba yake.

Alikuwepo asubuhi Mama Rispa alipokuja. Rispa alikuwa mjane mwembamba mwenye mwendo wa haraka, na hakuketi alipokaribishwa. Mwanawe mmoja tu, Yoeli, aliwahi kufanya kibarua machimboni na huko akajifunza kunywa gongo. Alikuwa ameiacha, akaamini, akakabidhiwa kwa Hanani amlee. Sasa alikuwa ametoweka Ukemeo, na kesi yake ilikuwa isikilizwe kesho yake. Elkana alikuwa amekwisha kuandaa shtaka: Adui amemteka Yoeli.

"Mzee Elkana," alisema Rispa, "mwanangu hajatekwa. Yuko kwa shangazi yake huko Mabondeni, mwendo wa asubuhi moja. Nilikuwa huko jana. Anamenya mihogo."

"Ametekwa, Mama Yoeli. Kinachomenya mihogo ni mwili."

"Basi mwili huo ulikula sahani mbili za maharage mbele yangu."

Nilimeza cheko. Elkana hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba mateka wa Adui hukombolewa kwa kukemewa Ukutani, na kwamba Yoeli angewekewa zamu maalumu.

"Zamu ya nini? Kesho jioni gari la machimbo linapita kuchukua vibarua, na amesema atapanda. Akirudi kule, Mzee, amekwisha. Mimi nimemlilia mpaka nimechoka. Anasema, 'Mama, wewe ungenifuata hata ningekuwa mwizi. Nataka kujua kama yule niliyekabidhiwa kwake ananitaka.'" Akamgeukia Hanani. "Baba, nenda kamchukue. Ni hilo tu."

Hanani alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, lakini Elkana akatangulia.

"Haiwezekani. Hanani akienda, watu watauliza kimempeleka nini. Akisema amekwenda kumrudisha, watauliza alimpotezaje. Siku Yoeli alipoondoka, Hanani alikuwa Ukutani akikagua nyufa, kama inavyojulikana. Hana lolote la kujibu. Tukimtuma, tumempa Adui kipande cha utetezi."

"Mwanangu alisema aligonga mlango wake."

"Aligonga nyumba isiyo na mtu."

Rispa alimtazama Hanani kwa muda. Hanani akatazama tangawizi yake. Yule mama akaondoka bila kuaga, na Elkana akaingia ndani kumalizia shtaka lake.

Tukabaki wawili. Sikumpenda Hanani wakati ule, naye nadhani aliona, maana alikaa kando yangu kama mtu anayekaa karibu na daktari asiyemtaka.

"Mgeni," alisema, "kwenu mtu akikosa, hushtakiwa nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Halafu?"

"Huomba msamaha kwa aliyemkosea."

"Na aliyekosewa hufanya nini?"

"Hutegemea. Wapo wanaosamehe. Wapo wanaokutukana kwanza."

Akaweka kikombe chini. "Lakini wanakusemesha."

"Wanakusemesha, ndiyo."

Alitaka kuuliza jingine, lakini jua lilikuwa limefika utosini. Akajifunga kitambaa chake shingoni na kuondoka kimya. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na Elkana, na kile kitambaa. Hata chakula cha mchana sikukifurahia, na wanaonijua wanaelewa maana yake.

Kesho yake baraza lilijaa, kwa sababu kesi ya mateka huvuta watu kuliko kesi ya maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na matone yalikuwa bado yanaanguka kwenye sakafu ya upande wa kushoto. Rispa alikaa benchi la mbele, kitenge kimekazwa kiunoni, viatu vya safari miguuni. Elkana alisoma shtaka vizuri sana. Alieleza Yoeli alivyonaswa, hila zilizotumika, na uovu wa Adui tangu zamani. Wanawake walilia. Mimi mwenyewe nilitafuta leso, ingawa nilijua mtu huyo alikuwa Mabondeni anamenya mihogo.

Mama Yedida akakigeukia kiti cheusi. Ndipo tulipoona kwamba Hanani ameinuka kutoka safu ya wakuu wa Ukuta. Alitembea taratibu, kama anayekwenda kufunga dirisha. Akakifikia kile kiti, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaketi.

Hakimu alikuwa ameuliza swali lile kwa miaka mingi kiasi kwamba lilikwisha kumtoka kabla hajajua anachokiona. "Mshtakiwa, una neno?"

"Ninalo," alisema Hanani.

Mama Yedida alirudi nyuma kwenye kiti chake kama mtu aliyesemeshwa na sufuria. Kutoka nyuma watu wachache walipiga kelele kwa mazoea, "Ashindwe!" Kisha wakanyamaza, kwa sababu hawakujua wanamwambia nani.

"Mnasema siku ile nilikuwa Ukutani," Hanani aliendelea. "Sikuwa Ukutani. Nilikuwa ndani, nimelala chali, nimejifunga shingo. Yoeli aligonga. Alisema, 'Kaka Hanani, kiu ile imenirudia, niongeleshe kidogo tu, itapita.' Nilimsikia vizuri. Nikawaza, nikifungua nitasema, na nikisema alasiri sauti itakwaruza alfajiri." Aliwatazama wakuu wa Ukuta. "Na alfajiri yake nilikuwa na zamu ya kukemea roho ya ulevi."

Mtu mmoja karibu nami akasema, "Mungu wangu," kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Aligonga tena. Halafu akakaa mlangoni. Nilikuwa nikimsikia akipumua. Kisha akaondoka, na mimi nikanywa tangawizi. Ni mimi, Mheshimiwa."

Elkana alikuwa amesimama, karatasi ya shtaka bado mkononi. Nilimhurumia, maana alimpenda Hanani kweli. "Mheshimiwa Hakimu, huyu anamsaidia Adui kujitetea! Hanani, ndugu yangu, nakusihi, shuka hapo. Ulishawishiwa. Adui ndiye aliyekunong'oneza usifungue."

"Yawezekana alininong'oneza," alisema Hanani. "Lakini hakunishika mkono."

Rispa alikuwa amesimama. Alikwenda mpaka mbele ya kile kiti, akasimama karibu kiasi cha kuweza kumpiga mtu kofi, na nadhani wote tulingoja ampige.

"Adui ana yake," alisema, "na siku yake ya kujibu ipo. Lakini mlango ulikuwa wako."

"Ulikuwa wangu, Mama."

"Mwanangu alikaa hapo nje kama mbwa."

"Ndiyo."

"Nina hasira na wewe, Hanani. Nimekuwa nikija humu kutazama kiti hiki, nikirudi nyumbani na hasira yangu vilevile, maana hapakuwa na mtu wa kumpa." Akakaza tena kitenge kiunoni. "Sasa nimekupa. Kusamehe nitakusamehe njiani. Simama twende, jua linapanda."

Mama Yedida aliomba utulivu. Akasema kwamba sheria haikuwa na adhabu kwa mshtakiwa aliyehudhuria. Wakuu wakanong'onezana, na baada ya mabishano Hanani akavuliwa cheo cha Sauti ya Kwanza na kukatazwa kukanyaga Ukutani maisha yake yote. Akainamisha kichwa, akashukuru. Kisha ukazuka mjadala mkubwa zaidi, kama kile kiti kiteketezwe au kioshwe, kwa kuwa sasa kilikuwa na joto la mtu. Hatukungoja uamuzi. Wakati tunatoka nilimwona mzee mmoja wa mabenchi ya kushoto ameinua uso, anatazama tundu la paa, mdomo wazi.

Nilifuatana nao kwa sababu Mabondeni ndiyo ilikuwa njia yangu ya kutokea, na kwa sababu nisingeweza kulala bila kujua mwisho wake. Hatukwenda haraka kama tulivyotaka. Rispa alimgombeza Hanani sehemu kubwa ya njia, naye alijibu kila neno. Katikati ya njia Rispa alimpa kipande cha muhogo wa kuchoma kutoka kwenye kifurushi chake, akaendelea kumgombeza.

Tulipofika, jua lilikuwa limepita utosini. Niliona mkono wa Hanani ukipanda kwenye kitambaa cha shingoni, kwa mazoea ya miaka. Akakifungua, akajipangusa jasho nacho, akakitia mfukoni.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya udongo, na mlango wa mbao umefungwa. Ndani tulisikia kisu kikikwangua muhogo.

"Hodi," alisema Hanani, akagonga.

Kisu kikanyamaza.

"Yoeli, ni mimi, Hanani." Hakuna jibu. Akagonga tena. Rispa alitaka kuita, nikamshika mkono.

Hanani akaketi chini mlangoni, mgongo kwenye mbao, akaanza kusema. Alieleza yote, kitanda, kitambaa, tangawizi. Alipomaliza hayo hakuondoka. Alimweleza Yoeli jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa mlevi wa sifa, akipanda Ukutani asikie watu wakisema huyo ndiye. Alimfundisha Zaburi aliyopaswa kumfundisha, mstari kwa mstari, na maana yake. Alimwuliza maswali na kungoja, na alipokosa jibu akaendelea. Shangazi mtu alitoka nyuma ya nyumba, akatutazama, akatuletea viti. Gari la machimbo lilipita barabarani, likasimama, likapiga honi mara kadhaa. Rispa alifumba macho. Ndani hakukuwa na nyayo. Gari likaondoka.

Hanani hakusikia honi wala gari. Alikuwa bado anasema, na ile sauti iliyokuwa ikidondosha mchanga Ukutani ilikuwa imeanza kukwaruza, kisha ikapasuka, kisha ikabaki pumzi tu. Akakohoa. Akajaribu tena, na neno halikutoka.

Komeo likavutwa. Hanani nusura aangukie ndani. Juu yake alisimama kijana mrefu, vidole vyeupe kwa unga wa muhogo, ameshika kikombe cha maji.

"Kunywa kwanza, Kaka," alisema Yoeli. "Halafu uendelee."